SOMO LA MAJI YA KIJANI
Vimea vidogo vya maji, mafuta yao yauayo vidudu, na sababu ya kutoyanywa

Ninyi wenyeji wa Kabambare na Kasongo, ninyi mnaolima mpunga na mihogo, ninyi mnaokamua mawese, na ninyi mnaokaa karibu na machimbo ya dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, sikilizeni. Leo tunafundisha habari ya maji ya kijani. Kila mtu ameyaona, lakini si kila mtu ajuaye kazi yake wala hatari yake.

Somo hili lina neno moja kubwa, nalo ni hili: maji ya kijani ni rafiki wa samaki, lakini si kinywaji cha mtu. Tutaeleza sababu yake pole pole, maana mtu aliyejua sababu hulishika neno kuliko mtu aliyeamriwa tu.

1. Ni nini kinachoyafanya maji kuwa ya kijani?

Piteni penye shimo la zamani ambalo wachimbaji wameliacha. Mvua zikinyesha, shimo hujaa maji yenye udongo, mekundu au meupe kama maji ya kuoshea mihogo. Baada ya majuma machache udongo hushuka chini na jua hupenya ndani ya maji. Ndipo maji yanapoanza kugeuka, kidogo kidogo, mpaka yawe na rangi ya jani la mgomba. Hakuna mtu aliyetia rangi humo. Rangi ile ni vimea.

Vimea hivyo havina mzizi, wala shina, wala jani. Kila kimoja ni kitone kidogo mno, na kitone hicho ndicho mmea mzima. Watu wa pwani huita mwani majani yanayoota baharini. Hivi vyetu vya maji baridi ni ndugu zake wadogo. Jamii moja inayojulikana sana huitwa klorela. Mtaalamu wa Uholanzi, Beijerinck, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka wa 1890. Ukipanga vitone vya klorela katika mstari, mia moja mpaka mia tano huenea katika milimita moja. Kwa hiyo jicho halikioni kimoja kimoja, bali huona rangi ya wote pamoja, kama vile mtu aliye mbali asivyoona mche mmoja wa mpunga, ila shamba zima.

Kazi ya vimea hivyo ni ile ile ya jani la muhogo. Hushika mwanga wa jua na kujipikia chakula. Wakati wa mchana hutoa ndani ya maji ile hewa safi ambayo samaki huipumua.

2. Mafuta yaliyo ndani yao

Kila mmea una mafuta yake. Mchikichi huyaweka katika tunda, karanga huyaweka katika punje. Vimea vya maji huyaweka katika mwili na katika ngozi yao nyembamba.

Tuyatazame mawese, maana mnayajua. Kitone cha mafuta ni kama mkono mmoja ulioshika kamba tatu. Kamba hizo huitwa asidi za mafuta. Zikiwa zimeshikwa pamoja, hutulia. Zikiachwa huru, huanza kufanya kazi nyingine. Mama anayepika sabuni kwa mawese na maji ya majivu hufanya kazi hiyo bila kuijua jina: maji ya majivu huzikata kamba kutoka mkono, na kamba hushikana na chumvi ya majivu. Hiyo ndiyo sabuni.

Katika vimea vya maji hakuna majivu. Lakini kimea kikivunjika, ama kwa kutafunwa na mdudu wa maji, ama kwa kufa, chachu iliyo katika mwili wake huzikata kamba zile, nazo hutoka huru. Fikirini habari ya muhogo mchungu. Muhogo ukiwa mzima ardhini, sumu yake imefungwa. Ukipondwa au ukitafunwa na mnyama, sumu hufunguliwa. Ndivyo mmea usio na miguu unavyojilinda na adui. Na vimea vya maji pia hujilinda hivyo, kwa asidi za mafuta.

3. Habari za watu walioyachunguza

Mwaka wa 1940, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Robertson Pratt na mwenzake waliandika jambo la ajabu. Waliotesha klorela katika chupa, wakaona kwamba vimea vikizidi kuwa vingi hutoa kitu fulani majini kinachozuia hata kukua kwao wenyewe. Mwaka wa 1944 Pratt na wenzake wengi walieleza kwamba kitu hicho huzuia pia vidudu vya magonjwa, wakakiita klorelini. Wakati huo vita vilikuwa vikali, na penisilini, ile dawa iliyotoka katika ukungu na kuonekana na Fleming mwaka wa 1928, ilikuwa imeanza kuponya vidonda vya askari. Kwa hiyo watu wengi walitafuta dawa nyingine katika mimea.

Mwaka wa 1949 Spoehr na wenzake, waliokuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo, walieleza asili ya nguvu ile. Walisema ni asidi za mafuta, hasa zikiisha kupigwa na mwanga na hewa, kama mafuta yanavyobadilika yakiachwa juani. Baadaye, mwaka wa 1994, wataalamu wa Japani waliitoa katika kimea kingine cha kijani, kiitwacho klorokokumu, asidi moja ya mafuta iitwayo asidi linoleniki. Asidi hiyo ilizuia kidudu cha majipu na vidonda cha namna sugu, kisichosikia tena dawa nyingi za hospitali.

Basi habari hii si hadithi. Ni kweli kwamba vimea vya kijani vina mafuta yauayo vidudu. Lakini tazameni neno hili: mambo hayo yalifanyika katika chupa na vyombo, kwa mafuta yaliyotolewa, yakasafishwa na kupimwa. Hakuna mtu aliyechota kikombe cha maji ya dimbwi akasema, «Kunywa, hii ni dawa.» Na klorelini yenyewe haikupata kuwa dawa ya hospitali kama penisilini.

4. Jinsi mafuta yanavyoua kidudu

Kidudu cha ugonjwa kina ngozi nyembamba iliyofanywa kwa mafuta. Ngozi hiyo ni ukuta wa nyumba yake. Huzuia vya ndani visitoke na vya nje visiingie, tena ndani ya ngozi hiyo kidudu hutengeneza nguvu za kuishi.

Asidi ya mafuta iliyo huru hufanana na ngozi hiyo, kwa hiyo hupenya kati yake kwa urahisi. Zikipenya nyingi, ngozi hulegea, kama paa ambalo watu wamechomeka nyasi mbovu kati ya nyasi nzima. Mvua huingia kila mahali. Vitu vya ndani ya kidudu huvuja, kazi ya kutengeneza nguvu hukoma, nacho hufa au hukaa bila kuzaa.

5. Makabila mawili ya vidudu

Hapa ndipo penye fundo la somo letu. Tegeni masikio.

Mwaka wa 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alipata njia ya kuvitia vidudu rangi. Vingine vilishika rangi, vingine viliikataa. Baadaye ilijulikana sababu. Kabila la kwanza lina ngozi ya mafuta na ukuta mnene nje yake, basi. Kabila la pili lina ngozi ya mafuta, ukuta mwembamba, na tena ngozi nyingine ya nje kabisa, kama mtu aliyevaa koti la mvua juu ya nguo zake.

Asidi za mafuta hulipiga zaidi kabila la kwanza. Kabila la pili, lenye koti, hustahimili zaidi, maana koti lile huyazuia mafuta yasifike ndani.

Sasa ulizeni: magonjwa ya maji ni ya kabila gani? Kidudu cha majipu na vidonda ni cha kabila la kwanza. Lakini kidudu cha kipindupindu ni cha kabila la pili. Kidudu cha homa ya matumbo ni cha kabila la pili. Kidudu cha kuhara damu ni cha kabila la pili. Yaani vidudu vile vile vinavyowaua watoto wetu kwa njia ya maji ndivyo vilivyovaa koti. Mafuta ya vimea vya kijani huwashinda wale tusiowaogopa sana katika maji, na kuwaacha wale tunaowaogopa.

6. Mazungumzo ya Mzee na Moniteri wa kilimo

MZEE: Moniteri, mwanangu, maji ya shimo letu la juu ni ya kijani sana. Wengine wanasema maji yaliyoota majani ni maji yaliyopona, maana yangekuwa na sumu yasingeota kitu.

MONITERI: Baba Mzee, mgomba ulio nyuma ya choo hauoti?

MZEE: Unaota. Tena unanenepa kuliko yote.

MONITERI: Umenenepa kwa sababu ya nini?

MZEE: Kwa sababu ya uchafu wa choo.

MONITERI: Basi vimea vya maji ni vivyo hivyo. Vinapenda mbolea. Maji yakiwa ya kijani sana, mara nyingi ni ishara kwamba mvua imeleta humo mavi ya mbuzi, au ya watu, au takataka za kambi. Rangi ile haituambii kwamba maji yamepona. Inatuambia kwamba maji yamelishwa.

MZEE: Nimesikia. Lakini umesema mafuta yao yanaua vidudu. Hata kama hayaui vyote, si yatapunguza?

MONITERI: Huenda yakapunguza vingine, siku nyingine, mahali pengine. Nguvu yake hugeuka kwa jamii ya vimea, kwa wingi wao, na kwa jua. Na kila mvua huleta uchafu mpya. Tena kuna neno baya zaidi, Baba. Kidudu cha kipindupindu hupenda kujishikiza juu ya vimea na vidudu vidogo vya maji, kama kupe juu ya ng'ombe. Vimea vile humpa makao.

MZEE: Hilo limeonekana wapi?

MONITERI: Bangladesh, nchi ya mito mingi huko Asia. Mwalimu mmoja wa Marekani, Rita Colwell, na wenzake waliwafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji ya mito na madimbwi kwa nguo kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne au zaidi. Nguo haiwezi kukishika kidudu kimoja peke yake, ni kidogo mno. Lakini huwashika wale wanaokibeba. Mwaka wa 2003 walitangaza kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu katika vijiji vilivyochuja.

MZEE: Nusu tu?

MONITERI: Nusu tu, Baba. Kwa hiyo kuchuja ni mwanzo wa kazi, na moto ndio mwisho wake.

7. Kazi njema ya maji ya kijani: kiziwa cha samaki

Msiyachukie maji ya kijani. Yana mahali pake, napo ni katika kiziwa cha samaki. Tilapia hula vimea hivyo, na vidudu vidogo vya maji ambavyo tilapia huvila pia huishi kwa kula vimea. Kiziwa cheupe, kisicho na rangi, ni kama ghala tupu.

Hata katika ulinzi wa samaki maji hayo yana faida. Huko Filipino wafugaji wa kamba walisumbuliwa sana na kidudu kimoja cha jamii ya vibrio kiangazacho usiku, ambacho kiliua kamba wachanga. Waliona kwamba maji ya kijani yaliyotoka katika viziwa vya tilapia yalikipunguza kidudu hicho. Wataalamu waliona kwamba klorela ina sehemu katika kazi hiyo, pamoja na vidudu vingine vyema vilivyomo majini na ute wa samaki wenyewe. Ni msaada wa jeshi zima, si wa mafuta peke yake. Na msaada huo ulikuwa kwa mnyama aishiye ndani ya maji, si kwa mtu ayanywaye.

Fanyeni hivi:

Kwanza, chagueni mahali penye udongo wa mfinyanzi na mfereji wa maji safi. Kiziwa kisiwe chini ya mahali ambapo watu huosha dhahabu.

Pili, katika pembe moja ya kiziwa chomekeni miti mfanye zizi dogo. Ndani yake tieni majani mabichi, magugu, na mavi ya mbuzi au ya kuku. Msitie kamwe mavi ya watu.

Tatu, baada ya siku kadhaa pimeni rangi kwa mkono. Nyosha mkono, uushushe polepole majini huku ukitazama vidole vyako. Vidole vikipotea maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, rangi ni nzuri. Ukiviona bado wakati maji yamepita kiwiko, ongeza mbolea. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, rangi imezidi. Usitie mbolea tena, uingize maji mapya.

Nne, tazameni kiziwa alfajiri. Wakati wa usiku vimea havipati jua, navyo huvuta hewa kama samaki. Vikizidi wingi, hewa hupungua, na alfajiri mtawaona samaki juu ya maji wakipanua vinywa. Fungueni mfereji upesi. Aliyeonywa na samaki wake alfajiri asingoje jioni, maana atakuta wanaelea.

8. Maji ya mashimo ya dhahabu

Katika nchi ya machimbo kuna hatari mbili nyingine, nazo mafuta ya vimea hayawezi kuziondoa.

Hatari ya kwanza ni zebaki, ile maji ya fedha ambayo wachimbaji huitumia kuishika dhahabu. Zebaki ikimwagika shimoni haiozi. Vidudu vya matope huweza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi. Vimea vya kijani huinyonya kutoka majini, vidudu vidogo hula vimea, samaki wadogo hula vidudu, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu huzidi. Mwaka wa 1956, katika mji wa Minamata huko Japani, ulijulikana ugonjwa wa kutetemeka na kupooza wa watu waliokula samaki wa ghuba yao. Zebaki iliyotoka kiwandani ndiyo iliyowaua wengi, na watoto wengine walizaliwa wakiwa vilema. Kwa hiyo msifuge samaki katika shimo lililooshewa dhahabu kwa zebaki, wala msichote humo maji ya kupikia. Kuchemsha maji hakuondoi hatari ya zebaki.

Hatari ya pili ni vimea vya rangi ya kijani inayoelekea samawati. Kwa kweli hivyo ni jamii ya bakteria, ingawa hushika jua kama mimea. Huelea juu kama rangi ya nyumba iliyomwagwa, na hunuka vibaya vikioza. Jamii nyingine zao hutoa sumu ya ini. Zimeonekana katika ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, karibu na Kisumu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Penye utando wa namna hiyo msinywe, msioge, wala msinyweshe mbuzi.

Mtu mmoja atasema, «Lakini kuna nchi ambako watu hula utando wa maji.» Ni kweli. Huko Chad, akina mama wa Wakanembu hukusanya utando uitwao dihe katika madimbwi ya magadi karibu na ziwa, wakaukausha na kuupikia mchuzi. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Jean Léonard, aliuona sokoni katika safari ya miaka ya 1964 na 1965. Lakini wao wanajua jamii moja tu, iitwayo spirulina, tena huota katika maji makali ya magadi. Mashimo yetu si maji yale, na utando wetu si ule. Asiyejua uyoga haokoti kila uyoga.

9. Namna ya kutengeneza maji ya kunywa

Chagueni kwanza maji ya chemchemi iliyojengewa, au kisima chenye kifuniko. Kama hakuna, chukueni maji yanayotembea, juu ya machimbo na juu ya vijiji. Kisha:

(a) Acheni maji yatulie ili udongo ushuke.

(b) Yachujeni kwa nguo safi ya pamba iliyokunjwa mara nne. Baada ya kuchuja, fueni nguo na kuianika juani.

(c) Yachemsheni mpaka yatokote kwa nguvu, yakitupa mapovu makubwa. Hesabuni polepole mpaka sitini, ndipo muyaondoe motoni.

(d) Yawekeni katika chombo chenye kifuniko. Msichovye mkono wala kikombe kichafu.

Kama kuni ni haba, jua linaweza kusaidia. Chukueni chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili. Jazeni maji maangavu, ilazeni juani muda wa saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu mengi, iacheni siku mbili. Mwanga wa jua huviua vidudu, pamoja na vile vya kabila lenye koti. Lakini maji yawe maangavu, maana katika maji ya kijani vimea hulikamata jua kabla halijavifikia vidudu. Tazameni: vimea vile vile tuliodhani vitatuponya huwa mwavuli wa adui.

10. Mafuta yenye nguvu mliyo nayo nyumbani

Mtu akiuliza, «Basi hizo asidi za mafuta hazitufai kitu?» mjibuni kwamba zinatufaa kila siku, nazo ziko nyumbani. Zimo katika sabuni. Sabuni ya mawese au ya mafuta ya mise ni asidi za mafuta zilizofungwa na chumvi. Huilegeza ngozi ya vidudu vingine, na vilivyobaki huving'oa mkononi pamoja na uchafu, maji yakavichukua. Koti halivisaidii kitu, maana kidudu kilichoondolewa mkononi hakifiki kinywani.

Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni. Nawa baada ya kumsafisha mtoto. Nawa kabla ya kupika, na kabla ya kula. Kipande cha sabuni karibu na mlango wa choo kina nguvu kuliko shimo zima la maji ya kijani.

11. Mtoto akiharisha

Mwaka wa 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi huko Goma katika majuma machache. Kipindupindu huua kwa kumaliza maji ya mwili, tena upesi. Msingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa kwenye nyumba ya afya. Huku mnakwenda, mnywesheni kidogo kidogo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visizidi, maana chumvi nyingi hudhuru. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Maneno ya kukumbuka

Vimea vya kijani vina mafuta yauayo vidudu vingine. Hilo ni kweli, na limepimwa.
Vidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vimevaa koti, navyo hustahimili mafuta hayo.
Maji ya kijani yamelishwa, hayakupona.
Kiziwa kiwe cha kijani, mtungi uwe mweupe.
Nguvu ya mafuta tuitafute katika sabuni.

Maswali

1. Vimea vya kijani hufunguaje asidi zao za mafuta? Zifananishe na muhogo mchungu.
2. Pratt na wenzake walikipa jina gani kile kitu walichokieleza mwaka wa 1944?
3. Kwa nini mafuta hayo hayatoshi kuua kidudu cha kipindupindu?
4. Utaipimaje rangi ya kiziwa kwa mkono wako?
5. Kwa nini maji ya kijani hayafai kuwekwa juani katika chupa kwa kunywa?
6. Katika kijiji chenu, ni nani achotaye maji katika shimo la zamani? Utamwambia nini leo?

Swali la sita msilijibu kwa mdomo hapa. Nendeni mkalijibu kwake.